Utando Unaobeba Injini: Kwa Nini Beringi za Krankshafti Hudumu, na Kwa Nini Hufa

Injini inapoanza kugonga chini, upande wa sampu, fundi mzoefu hutambua kabla hata boneti haijafunguliwa. Mlio wenyewe ni mzito, huongezeka gari likipandisha mlima au likibeba mzigo, na mara nyingi maana yake ni moja: beringi za konrodi zimelika. Yanayofuata anayajua kila mwenye daladala au matatu. Injini inashushwa, krankshafti inapelekwa kuchongwa, beringi za saizi inayofuata zinanunuliwa, na gari linakaa juu ya mawe huku marejesho ya mkopo yakisubiri. Mwisho wa yote hutolewa ushauri: safari hii weka mafuta mazito.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umebeba pia kosa ambalo limeua injini nyingi. Beringi ya krankshafti haiishi kwa ugumu wa metali yake, wala kwa uzito wa mafuta peke yake. Huishi kwa utando mwembamba wa mafuta unaoumbwa na mzunguko wa shafti yenyewe, na karibu kila beringi inayokufa kabla ya wakati hufa kwa sababu kuna kitu kiliunyima utando huo nafasi ya kuundwa au ya kudumu. Anayelielewa hilo atajua fedha zake azielekeze wapi: kwenye usafi, vipimo na mafuta halisi kwanza, kisha kwenye vyuma vipya.

Kizibo kilichosukumwa nje

Kwa karne nyingi watu walipaka mafuta kwenye ekseli bila kujua yanafanya kazi gani hasa. Jibu lilianza kupatikana Uingereza katika miaka ya 1880, wakati wa reli za mvuke. Chama cha wahandisi wa mitambo cha nchi hiyo kilimpa Beauchamp Tower kazi ya kupima msuguano kwenye beringi za ekseli za treni. Shafti yake ya majaribio ilikuwa na kipenyo cha inchi 4 na urefu wa inchi 6. Nusu-beringi ya shaba ilikaa juu yake ikiwa imebeba mzigo, na sehemu ya chini ya shafti ilikuwa imezama kwenye mafuta.

Tower alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kifaa cha kudondoshea mafuta. Alipowasha tena mtambo, mafuta hayakushuka kupitia tundu lile. Yalipanda na kumwagika juu. Akaziba kwa kizibo, nacho kikasukumwa nje. Akaweka kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji yenye uwezo wa kusoma hadi pauni 200 kwa inchi ya mraba, sindano ilipita kikomo, ilhali mzigo wa wastani uliokuwa juu ya beringi ulikuwa pauni 100 tu kwa inchi ya mraba. Hapo ikawa wazi kwamba shafti haikugusana na beringi. Ilikuwa imebebwa na mafuta yaliyojijengea shinikizo yenyewe.

Mwaka 1886, Osborne Reynolds wa Manchester aliyaeleza matokeo hayo kwa hesabu, na mlinganyo wake ndio ambao kompyuta za wabunifu wa injini zinaukokotoa hadi leo. Maelezo yake kwa lugha ya kawaida ni haya. Shafti haikai katikati kabisa ya beringi. Mzigo huisukuma upande mmoja, kwa hiyo mwanya unaoizunguka ni mpana huku na mwembamba kule. Shafti ikizunguka, huyakokota mafuta kutoka upande mpana kuelekea upande mwembamba. Mafuta hayo hayakubali kubanwa, basi hugeuka kabari inayoisukuma shafti mbali na metali. Dereva aliyewahi kupoteza breki kwenye lami iliyojaa maji ameuona mwendo huohuo: tairi likienda kasi hupanda juu ya tabaka la maji na kuacha kugusa barabara. Barabarani hilo ni hatari, ila ndani ya beringi ndilo tunalolitaka.

Mzigo wa tani juu ya mikroni chache

Inafaa kuona ukubwa wa kazi hiyo. Chukua pistoni ya gari dogo la petroli, yenye kipenyo cha milimita 75. Shinikizo la mlipuko likifika baa 60, pistoni hiyo inasukumwa chini kwa nguvu inayozidi uzito wa tani mbili na nusu, na nguvu yote inaishia kwenye beringi ya konrodi yenye upana wa sentimita mbili hivi. Kwenye lori la dizeli lenye pistoni ya milimita 130 na shinikizo la baa 180, nguvu hiyo inazidi uzito wa tani 24. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapokea pigo la namna hiyo mara 25 kwa sekunde.

Kati ya nguvu hiyo na uharibifu kuna utando wa mafuta ambao, mahali palipo pembamba zaidi, huwa na unene wa mikroni chache, na nyakati nyingine hushuka chini ya mikroni moja. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanya wote kati ya shafti na beringi ni mdogo pia: kanuni ya zamani ya wahandisi ni kama elfu moja ya kipenyo, yaani kwa shafti ya milimita 50, mwanya wa milimita 0.05 hivi. Shafti hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, uso wake unakwenda karibu mita 8 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayojenga kabari, na ufupi wa kila pigo ndio unaoyanyima mafuta muda wa kukamuliwa yote kabla shafti haijainuka tena.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Pampu ya oili hutoa shinikizo la baa mbili, tatu au nne, na hicho ndicho geji inachosoma. Ndani ya utando, shinikizo linafika mamia ya baa, na kwenye dizeli kubwa hupita 1,000. Pampu haibebi krankshafti. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mafuta yapo mlangoni muda wote na kwamba yanapita kwa wingi wa kutosha kuondoa joto. Kubeba mzigo ni kazi ya mzunguko na mnato wa mafuta.

Ikumbukwe pia kwamba si kila injini ina beringi za namna hii. Pikipiki nyingi za bodaboda zina krankshafti inayozunguka juu ya beringi za gololi na za roli, ambazo zinahitaji mafuta kidogo tu na huharibika kwa njia nyingine. Hoja za makala haya ni za magari, malori, matrekta, jenereta na injini kubwa za meli, ambako nyuso laini mbili zinatenganishwa na mafuta peke yake.

Hali tatu za msuguano

Mwaka 1902, Mjerumani Richard Stribeck alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba msuguano kwenye beringi haupandi wala kushuka kwa mstari mmoja. Shafti ikiwa inaanza polepole, nyuso zinagusana, na msuguano ni mkubwa. Kasi ikiongezeka, sehemu ya mzigo inabebwa na mafuta na sehemu inabebwa na vilele vidogo vya metali vinavyogusana, na msuguano unashuka haraka. Kasi ikizidi tena, nyuso zinaachana kabisa. Msuguano unafika chini, kisha unaanza kupanda taratibu kwa sababu mafuta yenyewe yana ukinzani wa kukatwakatwa.

Tofauti kati ya hali hizo ni kubwa mno. Nyuso zikigusana huku zimepakwa mafuta, kizidishi cha msuguano huwa karibu 0.1. Zikitenganishwa kabisa, hushuka hadi karibu 0.001, yaani mara mia pungufu. Muhimu zaidi, katika hali ya tatu hakuna kulika kwa kugusana. Injini iliyotengenezwa vizuri ikikimbia barabarani kwa kasi ya wastani, beringi zake karibu hazipungui.

Kumbe basi zinalika saa ngapi? Hasa wakati wa kuwasha na kuzima, wakati kasi haitoshi kujenga kabari, na wakati injini inavutwa kwa nguvu kubwa ikiwa na mizunguko michache, kama dereva anayepandisha mlima kwa gia kubwa akikataa kupunguza. Katika nyakati hizo, kinga inayobaki ni ya kikemikali. Tangu miaka ya 1940 mafuta ya injini yamekuwa yakitiwa kiambato chenye zinki na fosforasi ambacho, penye joto na mgusano, huacha tabaka jembamba juu ya chuma na kuzuia metali zisishikane. Mafuta yasiyo na viambato vya kutosha yanaweza kuwa na uzito uleule mkononi na rangi ileile ya kuvutia, lakini asubuhi injini inapowashwa hayana cha kutoa.

Kwa magari ya haibridi, ambayo sasa ni ya kawaida Nairobi na Dar es Salaam, jambo hili lina uzito wake. Injini zake huzima na kuwaka mara nyingi katika safari moja. Watengenezaji wa beringi wamelijibu hilo kwa kuweka tabaka la juu la polima linalovumilia mgusano wa mara kwa mara. Ubunifu huo unasaidia, ila umejengwa juu ya dhana kwamba mafuta yaliyomo ni yale yaliyoelekezwa.

Metali laini kwa makusudi

Mtu akiishika beringi mpya ya konrodi, kipande chembamba cha nusu duara, hushangaa kuona kucha inakaribia kuikwaruza. Ulaini huo ni wa makusudi. Mwaka 1839, Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi iliyowekewa aloi laini ya bati, antimoni na shaba nyekundu, na wazo lake halijafa. Beringi ya leo ina mgongo wa chuma kinachoipa nguvu, juu yake tabaka la shaba nyekundu au la alumini iliyochanganywa na bati, na mara nyingi tabaka la juu kabisa lenye unene wa mikroni 10 hadi 25.

Tabaka hilo la juu lina kazi tatu: kuafikiana na shafti pale ambapo mstari wake haujanyooka kikamilifu, kumeza chembe ndogo za uchafu ili zisikwaruze shafti, na kutoshikamana na chuma utando ukikatika kwa kitambo. Beringi imeumbwa ife yenyewe ili krankshafti ipone. Anayetafuta beringi ngumu zaidi akidhani ndiyo itakayodumu anaiondolea injini kinga hiyo. Ulinganifu wa ugumu na ulaini ndio ulio mgumu kwa wabunifu: laini sana hupasuka kwa uchovu chini ya mapigo ya dizeli, ngumu sana haimezi uchafu. Risasi ilikuwa mhimili wa ulinganifu huo kwa miaka mingi, hadi sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu magari yaliyokwisha muda ilipoanza kuisukuma nje kwa ajili ya afya na mazingira, na watengenezaji wakageukia bati, bismathi na polima.

Kusoma beringi iliyokufa

Gereji nyingi hutupa beringi za zamani mara tu zinapotolewa. Ni hasara, maana beringi hizo ni ushahidi. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda, za juu mbali na za chini, uzifute na kuzitazama kwenye mwanga.

Mikwaruzo inayofuata mwelekeo wa mzunguko, yenye vitone vinavyong'aa pembeni, ni uchafu uliopita au uliozama kwenye metali. Uso uliopakazika, uliogeuka bluu au mweusi kwa joto, ni kukosa mafuta. Ikiwa ni beringi moja tu, tafuta njia ya mafuta iliyoziba, na zikiwa zote, tazama pampu, sampu na kiwango cha mafuta. Nyufa na vipande vilivyobanduka kama rangi ya ukuta mkavu ni uchovu wa metali kutokana na mzigo kupita kiasi. Uso wenye vishimo vidogo na weusi ni asidi ya mafuta yaliyokaa muda mrefu, au maji ya rejeta yaliyoingia. Beringi iliyolika ukingo mmoja juu na ukingo wa pili chini inaonyesha konrodi iliyopinda. Doa moja linalong'aa, ambalo nyuma yake mgongoni pana alama ya chembe, ni kosa la siku ya kufunga: kuna punje ya mchanga ilibaki kati ya beringi na kiti chake.

Katika orodha ya sababu, watengenezaji wa beringi huweka uchafu mbele. Sababu iko kwenye vipimo tulivyokwisha kuvitaja. Filta nyingi za kawaida hukamata vizuri chembe za mikroni 20 na kuendelea, huku utando ukiwa na unene wa mikroni chache tu. Chembe zinazopita kwenye filta ndizo hasa zenye ukubwa wa kujaza mwanya. Na vumbi la barabara zetu limejaa kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha krankshafti nyingi. Filta ya hewa iliyochanika, bomba la hewa lililolegea baada ya filta, au injini iliyofunguliwa uwanjani siku ya upepo, kila kimoja kinaweza kutangua kazi nzuri ya fundi.

Mafuta mazito au mepesi?

Sasa turudi kwenye ubishi wa gereji. Wanaotetea mafuta mazito wana hoja ya kweli: hali nyingine zote zikibaki vilevile, mnato ukiongezeka unene wa utando nao unaongezeka. Lakini hali nyingine hazibaki vilevile. Mafuta mazito yakikatwakatwa ndani ya mwanya huzalisha joto zaidi, na joto hupunguza mnato kwa kasi: mafuta ya kawaida ya 15W-40 yana mnato wa takriban sentistoki 110 kwenye nyuzi 40 za selsiasi, na takriban 14 tu kwenye nyuzi 100. Sehemu ya faida inaliwa na joto hilo. Tena mafuta mazito hupita polepole, hivyo huondoa joto kidogo na huchelewa kufika kwenye beringi injini inapowashwa.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini geji. Mafuta yanayovuja pembeni mwa beringi huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwanya. Mwanya ukiwa mara mbili, mvujo unakuwa mara nane. Ndiyo maana injini iliyochoka huwasha taa ya oili ikiwa imepata moto na inazunguka polepole. Ukiweka mafuta mazito, mvujo unapungua na sindano inapanda, lakini mwanya uko palepale, na mapigo yanaendelea kuupanua. Kwa injini ya zamani inayosubiri fedha za matengenezo, hatua hiyo inaweza kununua muda. Kuiita matibabu ni kujidanganya.

Upande wa pili, mafuta mepesi kama 0W-20 na 0W-16 hayakuletwa ili beringi zidumu zaidi. Yaliletwa kwa sababu sheria za Japani, Marekani na Ulaya zinabana matumizi ya mafuta ya petroli, na utando mwembamba hupunguza msuguano na kuokoa asilimia chache. Kiwango cha kimataifa kinaonyesha bei ya uokoaji huo. Kwenye nyuzi 150 na kasi kubwa ya kukatwa, 15W-40 hutakiwa kubaki na mnato usiopungua milipaskali-sekunde 3.7, ilhali mafuta ya daraja la 20 hutakiwa kubaki na 2.6, pungufu ya karibu asilimia 30. Injini zilizobuniwa kwa mafuta hayo zina shafti laini zaidi, mianya iliyodhibitiwa zaidi na beringi zinazovumilia. Ndani ya mipaka hiyo ziko salama. Hata hivyo baadhi ya vijitabu vya Toyota vinaeleza kwamba mafuta mazito zaidi yanaweza kufaa gari likienda kwa mwendo mkubwa au kwa mzigo mzito.

Kwa hiyo jibu la busara linahitaji kusoma namba zote mbili za kopo. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi: 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hali ambayo Mombasa, Tanga au Kigali haitaiona. Namba ya pili inahusu mafuta yakiwa moto, na hiyo ndiyo inayomhusu dereva wetu. Gari lililobuniwa kwa 0W-20 likipandishwa daraja moja, hadi 30, kwa safari za mzigo na joto, halitadhurika ikiwa kijitabu chake kinaruhusu. Kuliruka moja kwa moja hadi 20W-50 ni jambo jingine, hasa kwenye injini ambazo mafuta hayohayo ndiyo yanayoendesha mfumo wa kubadilisha muda wa valvu. Na injini ya lori iliyobuniwa kwa 15W-40 haifai kupewa mafuta mepesi kwa sababu tu mafuta hayo ni ya kisasa.

Kilomita si kipimo pekee

Maelekezo ya kumwaga oili kila baada ya kilomita kadhaa yalitungwa kwa gari linalotembea. Gari linaloshinda kwenye foleni ya Thika Road au Mandela Road lina saa nyingi za injini na kilomita chache. Katika saa hizo petroli isiyoungua na mvuke wa maji huingia kwenye oili, ikapungua mnato na kuongezeka asidi, huku injini ikizunguka polepole, hali ileile ambayo kabari ni dhaifu. Mwenye gari la mjini anayesubiri kilomita zitimie anahesabu kitu kisichopima uchakavu wake. Kampuni zenye malori mengi zina njia bora zaidi: kupeleka sampuli ya oili maabara. Shaba nyekundu, risasi na bati zikipanda, beringi zinalika. Silikoni ikipanda, vumbi linaingia. Yote yanaonekana kabla injini haijaanza kugonga.

Jambo hili si la gereji peke yake. Mwaka 1966, ripoti iliyoongozwa na Peter Jost kwa serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba ulainishaji bora ungeokoa pauni milioni 515 kwa mwaka. Utafiti wa Kenneth Holmberg na Ali Erdemir wa mwaka 2017 ulikadiria kuwa karibu asilimia 23 ya nishati yote inayotumiwa duniani hupotelea kwenye msuguano na uchakavu. Kwa nchi zinazoagiza mafuta, vipuri na magari yaliyokwisha tumika kwa fedha za kigeni, kila krankshafti inayochongwa kabla ya wakati ni fedha iliyotoka nje bila kurudi.

Tiba haihitaji mitambo mikubwa. Fundi anayefunga injini anahitaji maikromita, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na ule uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na shafti, kisha upana wake ukalinganishwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Kwa uzi huo wa bei ndogo, mwanya unajulikana badala ya kukisiwa kwa kuitikisa konrodi kwa mkono. Injini iliyofungwa upya ijazwe mafuta kwenye njia zake kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Vyuo vya ufundi kama VETA vifundishe kusoma beringi zilizokufa kwa uzito uleule vinaofundishia kufunga mpya. Na mashirika ya viwango, TBS na KEBS, yaifuatilie oili bandia madukani kwa bidii inayolingana na madhara yake, maana mnunuzi hana njia ya kupima viambato kwa macho. Fundi mwaminifu aliyefanya kila kitu sawasawa anaweza kuangushwa na kopo moja la kughushi, kisha lawama zote zikamwangukia yeye.